Gari ya koperative imekataa kuwaka: tupime kwanza, ndipo tununue



Mara nyingi katika jarida hili tunazungumza juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Leo tunazungumza juu ya gari. Msishangae. Mazao hayajafika sokoni kama yamesimama nyuma ya gari isiyowaka, na koperative nyingi za bonde la Ruzizi zinatumia pick-up ya zamani iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Gari kama hiyo ikikataa asubuhi ya soko, hasara yake ni sawa na ya ugonjwa shambani.

Nianze na kisa nilichokiona mwenyewe hapa Nyakabere.

Ilikuwa saa kumi na moja ya asubuhi. Nyanya zilikuwa zimekwisha kupakiwa, na akina mama watatu wameketi juu ya mizigo, tayari kwenda Uvira. Shofere akazungusha funguo. Moteri ikazunguka vizuri, lakini haikushika. Akarudia, akarudia. Vijana wakasukuma mara tatu mpaka jasho likawatoka. Hakuna.

“Batri yake imechoka,” shofere akasema. Moto ikatumwa Uvira, ikarudi na batri mpya. Gari haikuwaka.

Mtu mwingine akasema, “Basi ni bobini.” Bobini ikanunuliwa. Gari haikuwaka. Kisha wakanunua buji 4. Gari bado.

Siku ya tatu akaja fundi mmoja mzee, na mfuko wake mdogo. Ndani yake kulikuwa taa ndogo ya gari yenye nyaya 2, buji moja ya zamani, na tupa ndogo. Hakuuliza pesa za kipande chochote. Aliuliza tu, “Mulipima nini?” Wote wakanyamaza. Nusu saa haikuisha, gari ikawaka. Ugonjwa wenyewe nitaueleza chini, mahali pake.

Nyanya zingine ziliuzwa kando ya barabara kwa bei ya huruma, zingine zikapewa mbuzi. Pesa zilizonunua batri, bobini na buji zilikuwa za mbegu za msimu uliofuata. Na yule aliyesema “basi ni bobini” alikuwa mimi, Agro wenu, ninayewaambia kila mwaka: musipige dawa shambani pasipo kujua ugonjwa. Siku ile niliona haya. Ndiyo sababu nimeandika somo hili.

Somo hili ni la gari gani?

Ni la gari ya zamani inayotumia esanse, yenye karabirateri na delko ya platini. Ndizo pick-up na gari ndogo nyingi zilizotengenezwa mbele ya miaka ya katikati ya 1980.

Kama gari yenu inakunywa mazutu, somo hili si lake. Moteri ya mazutu haiwashwi na cheche za buji. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa sana.

Kama delko yenu haina platini, bali ina kifaa cha elektroniki, hatua za 1 mpaka 4 zinafaa, lakini msiguse ndani ya delko. Mpelekee fundi anayeijua.

Kwa motopompe na moto za esanse, shikeni hasa ile hatua ya kupima cheche ya buji.

Moto wa moteri unatoka wapi?

Moteri ya esanse inahitaji vitu vitatu: esanse iliyochanganyika na hewa, mbano wa pistoni, na cheche ya kuwasha kwa wakati wake. Tufuate njia ya cheche, sawa tunavyofuata maji ya mfereji kutoka mtoni mpaka shambani.

Batri ni bwawa la maji. Ina nguvu ya volti 12. Funguo ni mlango wa mfereji: ukiufungua, umeme unapita kwenda kwa bobini. Toka bobini unaingia delko, unapita katika platini, kisha unarudi kwa batri kupitia masa, yaani chuma chenyewe cha moteri na cha gari. Kama njia imekatika mahali pamoja tu, umeme wote unasimama, hata kama kipande kimoja cha waya tu ndicho kibovu.

Platini ni midomo 2 midogo ya chuma inayofunga na kufunguka moteri inapozunguka. Ikifunga, umeme unapita ndani ya bobini. Ikifunguka, umeme unakatwa ghafla. Fikiria baiskeli yenye mzigo inayokimbia kwenye mteremko: ukifunga breki ghafla, mzigo unaruka mbele. Ni vile vile ndani ya bobini. Umeme unaokatwa ghafla unazaa nguvu kubwa, volti 15 000 na zaidi, na ndiyo inayoruka kwa cheche katika buji.

Nguvu hiyo inatoka bobini kwa waya nene ya katikati, inaingia kofia ya delko, na kidole cha delko kinaigawia kila buji kwa zamu. Pembeni ya platini kuna kikopo kidogo kinachoitwa kondansateri. Kazi yake ni kusaidia umeme ukatike vizuri na kuzuia platini zisiungue.

Basi njia ni hii: batri, funguo, bobini, platini, kisha kurudi bobini, waya ya katikati, kofia, kidole, waya za buji, buji. Mtu anayekumbuka njia hii hawezi kupotea.

Mbele ya kugusa chochote: usalama

Sisi watu wa bonde hili tunajua esanse ni nini. Tarehe 2 Julai 2010, hapa Sange, lori lililobeba mafuta lilipinduka barabarani. Watu walikaribia, wengine wakachota, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa, wanawake na watoto ndani yao. Leo tunapima cheche karibu na esanse, kwa hiyo tushike sheria hizi:

1. Hakuna sigara, hakuna mshumaa, hakuna kuangalia ndani ya tanki kwa kiberiti.
2. Kama unasikia harufu kali ya esanse ao unaona inavuja, usipime cheche. Tengeneza mvujo kwanza, pangusa, ngojea harufu iishe.
3. Bidoni na chupa za esanse zikae mbali. Watoto pia.
4. Funga breki ya mkono, na vitesi isiwe imeingia. Weka mawe kwenye magurudumu.
5. Usishike waya nene za buji kwa mkono mtupu wakati moteri inazunguka. Tumia mti mkavu ao koleo yenye mpini wa plastiki. Nguo zinazoning'inia, pagne na mitandio, zikae mbali na feni.
6. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Moto wa esanse hauzimwi kwa maji.

Hatua ya 1: Zungusha funguo, sikiliza

Gari inasema yenyewe. Kuna majibu 4.

*Kimya kabisa, ao “ta-ta-ta” tu.* Umeme haufiki vizuri kwa demareri. Tazama batri, kosi zake, na waya inayofunga batri kwa masa. Washa taa za mbele, kisha zungusha funguo. Taa zikizimika kabisa, batri ni dhaifu ao kosi hazikushika. Taa zikibaki na nguvu ileile na demareri inanyamaza, basi tazama demareri na nyaya zake.

*Inazunguka polepole, kama mtu mwenye usingizi.* Ni batri ao kosi chafu. Kama muna kipimo cha volti: batri iliyojaa inaonyesha karibu 12,6. Ikionyesha 12,2 imebaki karibu nusu. Chini ya 12, ichajiwe kwanza. Demareri ikizunguka, volti zisishuke chini ya 9,6.

*Inazunguka vizuri lakini haishiki.* Hapa batri na demareri hazina kosa. Endelea hatua ya 2. Ile gari ya Nyakabere ilikuwa hivi. Kwa hiyo batri mpya tuliyonunua haikuwa na kazi yoyote, na gari ilituambia hivyo tangu mara ya kwanza.

*Inashika wakati demareri inazunguka, kisha inakufa palepale unapoachilia funguo.* Gari nyingi za zamani zina rezistansi kabla ya bobini. Demareri ikizunguka, umeme unapita njia nyingine ya mkato. Funguo ikirudi, umeme unapita katika rezistansi. Kama rezistansi imekatika, moteri inakufa. Mara nyingi ugonjwa ni huo.

Kosi zikiwa na unga mweupe ao wa kijani, toa kwanza waya ya kutoa (−), kisha ya kuongeza (+). Sugua, osha kwa maji yenye bikarbonati, suuza kwa maji safi, kausha. Wakati wa kurudisha, ya kuongeza inaanza na ya kutoa inamaliza. Maji ya batri yakimwagikia ngozi, osha mara moja kwa maji mengi.

Demareri isizungushwe zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Ngojea dakika moja, ndipo urudie. Na tuseme neno juu ya kusukuma: kusukuma ni dawa ya batri dhaifu na demareri mbovu. Si dawa ya gari isiyokuwa na cheche. Kama demareri inazunguka vizuri na gari haishiki, waacheni vijana wapumzike.

Hatua ya 2: Esanse inafika?

Msicheke: anzeni na tanki. Mshale unaoonyesha esanse unadanganya katika gari za zamani. Ingiza mti safi na mkavu, uone.

Kisha toa buji moja, uitazame.

- Buji imelowa na inanuka esanse: esanse inafika, cheche ndiyo inakosa. Ao mumezungusha sana na moteri imelewa esanse. Kausha buji, ngojea dakika 15, ujaribu tena.
- Buji ni kavu kabisa baada ya kuzungusha sana: tafuta upande wa esanse, yaani pompi, filta, bomba, karabirateri.

Kama esanse ilinunuliwa kwa chupa kwa kadafi wa barabarani, mimina kidogo katika chupa nyeupe, iache itulie. Maji yanakaa chini, esanse juu. Ukiona mstari katikati, umepata mgonjwa wako.

Hatua ya 3: Je, buji inatoa cheche?

Hii ndiyo hatua kubwa ya somo hili. Inahitaji watu 2 na buji moja ya akiba.

Chomoa waya ya buji moja kutoka moteri, lakini buji yenyewe usiitoe. Ile uliyoitoa katika hatua ya 2 irudishwe mahali pake. Sababu ni hii: tundu likiwa wazi, mvuke wa esanse unatoka hapo, na cheche ya nje inaweza kuuwasha. Ingiza buji ya akiba katika waya. Laza chuma cha buji hiyo juu ya chuma safi cha moteri, mbali na karabirateri, iguse vizuri. Mwambie mwenzako azungushe. Tazama katika kivuli, maana kwenye jua cheche haionekani.

- *Cheche ya bluu, yenye nguvu, inalia “ta, ta, ta”:* bobini na platini zinafanya kazi. Tazama buji zenyewe, ao mpangilio wa nyaya.
- *Cheche nyembamba, ya manjano ao nyekundu:* umeme ni dhaifu. Tazama platini, kondansateri, bobini, na kosi.
- *Hakuna cheche:* jaribu waya ya buji nyingine. Kama nayo haina, nenda hatua ya 4.

Pale Nyakabere tungekuwa na buji moja ya akiba, tungejua mambo hayo saa kumi na moja na nusu.

Hatua ya 4: Cheche imepotelea wapi?

Chomoa waya nene ya katikati kutoka kofia ya delko. Ingiza ile buji ya akiba katika ncha yake, uilaze tena juu ya chuma cha moteri. Zungusha. Usiiache waya hii ikining'inia hewani wakati moteri inazunguka, maana nguvu isipopata njia inaweza kuharibu bobini kutoka ndani.

*Kama hapa kuna cheche nzuri, lakini kwa buji hakuna,* kosa liko kati ya hapo: kofia, kidole, ao nyaya. Fungua kofia, uitazame ndani kwenye mwanga. Unatafuta ufa, ao kamstari keusi kama njia ya sisimizi kutoka chuma kimoja mpaka kingine. Umeme unapita njia hiyo badala ya kwenda kwa buji. Tazama pia kale kakaa ka katikati kama kangali kanagusa kidole.

Unyevu pia unafanya hivyo. Wakati wa mvua, gari ikivuka mto ao dimbwi, maji yanarukia delko. Wenye gari wa Uvira waliliona hilo mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika. Dawa yake haina bei: toa kofia, pangusa kwa kitambaa kikavu, iache juani, pangusa nyaya pia. Kama mulikuwa mumeosha moteri jana na leo haiwaki, anzeni hapa.

*Kama hata hapa hakuna cheche,* nenda hatua ya 5.

Hatua ya 5: Taa ndogo yenye nyaya mbili

Chukua taa ndogo ya gari ya volti 12, unganisha nyaya 2. Hiyo ni mashine ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo fundi mzee aliyokuwa nayo. Waya moja ifunge kwa masa. Nyingine ndiyo ya kuulizia. Igusishe kwanza kwa kosi ya + ya batri: ikiwaka, taa yako ni nzima.

*Swali la kwanza.* Zungusha funguo mpaka taa za dashibodi ziwake, pasipo demareri. Gusa kosi ya + ya bobini. Taa inawaka? Umeme unafika. Haiwaki? Kosa liko nyuma: funguo, fizibu, rezistansi ao waya. Bobini haina kosa, usiinunue.

*Swali la pili.* Gusa kosi ya − ya bobini, ile inayotoa waya nyembamba kwenda delko. Mwenzako azungushe demareri. Kuna majibu 3:

- Taa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika: platini zinafungua na kufunga. Kama hakuna cheche hata hivyo, shuku kondansateri, kisha bobini.
- Taa haiwaki hata kidogo: chomoa waya ya delko kutoka kosi ya −, ugusishe taa tena hapo kwenye kosi, funguo ikiwa wazi. Ikiwaka sasa, bobini inapitisha umeme. Kosa liko ndani ya delko, platini zimeshikana ao waya inagusa masa. Isipowaka, bobini imekatika ndani. Hapo ndipo munaweza kununua bobini kwa roho safi.
- Taa inawaka tu, haizimiki: umeme unafika bobini lakini haupati njia ya kurudi kwa masa. Platini hazigusani, zimejaa uchafu, ao waya ya ndani imekatika.

Ile gari ya Nyakabere ilitoa jibu hili la tatu. Mzee alifungua delko, akasafisha platini, taa ikabaki vilevile. Akashika ile waya fupi ya ndani, ndefu kama kidole, inayoleta umeme kwa platini. Kwa macho ilikuwa nzima. Akaivuta polepole: plastiki ikanyooka kama mpira. Shaba ya ndani ilikuwa imekatika. Waya hii inatikisika kila wakati moteri inafanya kazi, maana sahani ya platini inacheza. Baada ya miaka, inakatika ndani ya koti lake pasipo mtu kuona. Akaweka kipande kingine cha waya laini, akakaza. Basi.

Hatua ya 6: Platini na kondansateri

Zima funguo. Toa kofia na kidole. Zungusha moteri kwa mkono mpaka platini zifunguke kabisa.

- Zikiwa za kijivu na chafu, pitisha tupa ndogo ao msasa laini, kisha kitambaa kikavu kisicho na mafuta. Mafuta hata kidogo yanazuia umeme.
- Nafasi kati ya midomo ni 0,4 mpaka 0,5 mm kwa gari nyingi. Fuata kitabu cha gari kama mnacho. Msikadirie kwa jicho. Azimeni kipimo kwa fundi.
- Zikiwa zimeungua, moja ina shimo na nyingine ina kilima, ni dalili ya kondansateri mbovu. Ukibadili platini pasipo kondansateri, mpya zitaungua pia.

Kondansateri haipimwi kwa macho. Njia rahisi ni kuweka nyingine nzima kwa muda, na kurudia hatua ya 4.

Bobini ina ujanja mmoja. Kuna zinazofanya kazi zikiwa baridi na kulala zikipata moto. Gari inawaka asubuhi, inakufa baada ya mwendo mrefu kwenye joto, inangojewa nusu saa, kisha inawaka tena kama hakuna jambo. Mbele ya kuhukumu bobini, pimeni cheche palepale inapokufa, ikiwa bado na moto. Kama cheche iko, tafuteni upande wa esanse, kwa sababu joto linaweza pia kugeuza esanse mvuke ndani ya bomba.

Hatua ya 7: Cheche iko, esanse iko, lakini inapiga mishindo

Moteri ikipiga risasi katika karabirateri ao eksozi, cheche inafika kwa wakati mbaya. Mara nyingi mtu alichomoa nyaya za buji zote kwa pamoja akazichanganya. Moteri nyingi za silinda 4 zinafuata mpangilio 1-3-4-2, zingine 1-2-4-3. Mpangilio wenu uandikwe ndani ya kifuniko cha moteri kwa rangi. Na mbele ya kuchomoa, funga uzi kwa kila waya: fundo moja kwa silinda ya 1, mafundo mawili kwa ya 2, mpaka nne. Uzi hausahau.

Buji nazo zinasema. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi: esanse nyingi kuliko hewa, tazama filta ya hewa. Nyeusi yenye oili: moteri inakula oili. Nyeupe sana: moteri inapata moto mwingi ao esanse kidogo. Nafasi ya buji kwa gari nyingi hizi ni 0,7 mpaka 0,8 mm.

Makosa yanayokula pesa

1. Kubadili vipande viwili kwa mara moja. Hata gari ikiwaka, hamutajua kipi kilikuwa kibaya.
2. Kuacha funguo wazi muda mrefu moteri ikiwa imezimika. Bobini na platini zinaungua.
3. Kununua bobini ya okazio pasipo kuipima dukani kwa taa.
4. Kutupa kipande cha zamani mbele ya kuona kama kipya kimesaidia.

Kazi ya komite

Ufundi peke yake hautoshi. Pesa ya koperative ni jasho la watu wengi. Tunashauri mambo matatu.

Kwanza, mfuko wa gari: taa yenye nyaya 2, buji ya akiba, kipimo cha platini, tupa ndogo, msasa laini, kitambaa kikavu, kipande cha waya laini, kondansateri moja.

Pili, daftari ya gari. Kila ikigonjwa, andikeni: tarehe, dalili, tulipima nini, tulipata nini, tulibadili nini, bei. Mtunza sanduku asitoe pesa kama mstari wa “tulipima nini” ungali mweupe. Swali hilo si la kumdharau shofere wala fundi. Fundi mzuri analipenda.

Tatu, kipande cha zamani kirudi kwa komite pamoja na fakitire, kila mara.

Zoezi kwa kikundi

Msingoje gari igonjwe. Mtu asiyejua jani zima la muhogo hawezi kutambua jani lenye ugonjwa. Chagueni siku moja gari ikiwa nzima, fanyeni hatua za 3, 4 na 5 pamoja na shofere, muone cheche ya afya ina rangi gani na taa inawaka namna gani. Ba mama wasibaki mbali: ile siku ya Nyakabere, nyanya zilizooza zilikuwa zao.

Kisha jadilianeni:

1. Gari inazunguka vizuri, buji zimelowa esanse, haishiki. Je, tununue batri? Kwa nini?
2. Cheche iko kwa waya ya katikati, lakini kwa buji hakuna. Tutazame wapi?
3. Taa kwa kosi ya − ya bobini inawaka tu, haizimiki. Majibu yanayowezekana ni yapi?
4. Mara ya mwisho gari yetu ilipokataa, tulitumia pesa ngapi? Tulikuwa tumepima nini?

Swali la nne lijibiwe mbele ya watu wote, daftari ikiwa mezani. Kama daftari haiko, basi ianze siku hiyo.